Sinza ya Mbele, Sinza ya Uani

NYUMBA njema si mlango, wahenga walishamaliza. Kama unabisha, nenda Sinza, Dar es Salaam.

Mtu akikwambia anakaa Sinza, picha inayokujia haraka ni baa, saluni, chipsi kuku na magari yaliyopaki hadi usiku wa manane. Ukipanda daladala konda atakutajia vituo vyenye majina ya mjini: Mori, Kijiweni, Afrika Sana, na Kwa Remmy, palipobeba jina la marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki aliyekuwa akiishi hapo. Starehe zote hizo, msomaji wangu, zimekaa juu ya ramani.

Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa viwanja. Sinza ilipimwa kwanza, barabara zikachongwa, maji yakavutwa, ndipo watu wakagawiwa ploti wajijengee wenyewe. Hazikuwa ploti za kibosile kama za Oysterbay. Zilikuwa ndogo, nyingi za mita za mraba 288 hivi, lakini kila moja ilipakana na njia.

Sasa vuka Mto Ng'ombe, upite Tandale uingie Manzese. Mradi ni ule ule, ila huku mambo yalikwenda kinyume. Watu walikuwa wameshajenga, barabara na maji vikaja kutafuta pa kupenya. Manzese ina raha yake: kodi inaingilika mfukoni na kila kitu kipo jirani. Lakini kuna vichochoro ambavyo mkikutana wawili, mmoja lazima akae ubavu. Moto ukizuka ndani huko, gari la zimamoto linaishia barabarani, wakazi wanahangaika na ndoo.

Cha ajabu, nyumba zenyewe zilianza zikifanana. Kote kuwili utaikuta ile nyumba ya Kiswahili: kibaraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna jiko, choo na kamba za nguo. Weka watu watatu kila chumba, tayari mko 18 kwa choo kimoja. Foleni ya asubuhi hapo, acha tu!

Kilichoibeba Sinza ni barabara. Kwa kuwa lori la mchanga linafika mlangoni, mwenye nyumba akipata vijisenti anabomoa na kupandisha ghorofa, au anafungua gesti, au anaweka fremu za maduka. Utafiti wa wachumi uliotoka mwaka 2021, uliolinganisha maeneo ya mradi huo katika miji kadhaa ya Tanzania, ulikuta kwamba palipopimwa kabla ya watu kuhamia pana nyumba kubwa zaidi, bora zaidi na zilizopangika kuliko palipoboreshwa baadaye.

Lakini wajameni, ploti haizai ploti. Mbele Sinza inameremeta, ila chungulia uani. Pale palipokuwa na kamba za nguo sasa kuna vyumba vya kupangisha hadi ukutani, na dirisha la huyu linatazama dirisha la yule. Shimo la choo lililochimbwa kwa familia moja linabeba wapangaji wa milango kumi. Masika yakibisha hodi, harufu inakuwa ya mtaa mzima. Wapimaji wa zamani walimwachia kila mtu njia, warithi wa leo hawamwachii jirani hata upepo. Taratibu, Sinza inageuka Manzese kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo wewe unayetafuta chumba na sebule, dalali akikupeleka Sinza usiishie kusifia vigae na geti. Pita moja kwa moja hadi uani. Hesabu milango, kisha hesabu vyoo. Uliza mita ya umeme ni ya wangapi, na shimo likijaa gari la kunyonya linaingilia wapi. Dalali akianza kukohoa, shika njia yako. Kodi ya miezi sita ukishaitoa, hakuna wa kumlilia.