Kupanga ni Kuchagua

Kiswahili kimelipa neno moja kazi mbili, na zote mbili humwangukia kijana katika juma lilelile anapomaliza chuo. Neno lenyewe ni kupanga. Tunapanga vitu vikae kwa utaratibu, tunapanga mambo ya kesho. Kisha tunapanga chumba, yaani tunakaa katika nyumba ya mtu kwa kodi. Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, hotuba yake ilipata jina la “Kupanga ni Kuchagua”. Yeye alikuwa na hesabu ya taifa maskini lisiloweza kupata yote kwa mara moja. Mpangaji wa chumba kimoja Dar es Salaam hana haja ya kubadili hata herufi ya jina hilo.

Kwetu ni Ngara, upande ule ambako Ruvubu hujimwaga katika Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo; masomo ya sekondari yalinipeleka Biharamulo. Mtoto wa huko hulelewa na dhana yake ya umbali. Ukiwauliza wazee kijiji fulani kiko wapi, watakuhesabia vilima kabla ya kukutajia kilomita. Aidha, safari ndefu kwetu ilikuwa jambo la kusubiriwa na kuombewa dua. Kulikuwa na miaka ambapo mabasi yaliyavuka mapori ya Biharamulo kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Mapori hayohayo, pamoja na Burigi na Kimisi, tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kwa hiyo, kwetu mtu husafiri mara chache, na akisafiri husimulia. Wazo la kusafiri kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, bila kuwa na la kusimulia, lilikuwa geni kwangu.

Hata lugha ilionekana kulionea haya wazo hilo. Nimelitafuta neno moja la Kiswahili lenye maana ya kwenda kazini mbali na kurudi kulala, kila siku, na sijalipata. Tunazo ncha mbili za siku, katikati hamna kitu: kushinda ni kupitisha mchana mahali, kulala ni kupitisha usiku. Mtu hushinda Posta akalala Chanika. Ule muda asioshinda wala asiolala, ambao kwa wakazi wengi wa jiji ni saa nne au tano, haukupewa kitenzi chake. Kirundi na Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kihangaza chetu, vinacho angalau kitenzi cha nusu ya pili ya safari hiyo: gutaha, kurudi nyumbani baada ya shughuli. Ni neno zuri, lenye moshi wa jioni na ng'ombe wanaoingia zizini. Halikutungwa kwa ajili ya mtu aliyening'inia mlangoni mwa basi.

Nilipomaliza chuo mwaka 2017 nilipata kazi ya kusaidia uhariri katika ofisi moja ya katikati ya jiji, kwa mshahara wa shilingi 450,000 kwa mwezi. Nilikuwa nimefikia kwa shangazi yangu, Mbagala. Hapa napo Kiswahili kina adabu yake: kufikia kwa mtu si kukaa kwake. Aliyefikia anatarajiwa kuondoka, na kila mtu nyumbani analijua hilo, ingawa hakuna anayelitamka. Basi nikaanza kutafuta chumba, na nikakuta hesabu yenyewe ina vina na mizani kama shairi: ukiongeza huku, sharti upunguze kule.

Sinza chumba kilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Daladala hadi Posta ilikuwa 400. Kwa siku 22 za kazi, kwenda na kurudi, nauli ilifika 17,600. Jumla 137,600. Chanika nilipata chumba cha 35,000, lakini ilinibidi nipande magari mawili, moja hadi Gongo la Mboto na jingine hadi mjini, 900 kwa safari moja. Nauli ya mwezi ilikuwa 39,600, na hivyo kuishinda kodi yenyewe! Jumla 74,600. Kimara, juu kidogo ya barabara, chumba kilikuwa 70,000 na nauli ya mwendokasi 650, jumla 98,600.

Macho ya haraka yangechagua Chanika, na si macho ya kijinga. Ila nilikuwa nimezijaribu njia zote tatu kwa saa mkononi. Kutoka Chanika nilitumia saa tano kwa siku, kwenda na kurudi. Kutoka Kimara, pamoja na kushuka kilima na kusubiri zamu kituoni, saa mbili na nusu. Kutoka Sinza, kwa sababu ya foleni za magari, saa mbili. Kwa mwezi, Chanika ilikula saa 110, Kimara 55, Sinza 44.

Ndipo nikaziuliza tarakimu swali jingine: saa moja naiuza kwa kiasi gani? Anayehama Chanika kwenda Kimara huongeza shilingi 24,000 na kurudishiwa saa 55. Kila saa humgharimu shilingi 436 hivi, karibu sawa na nauli moja ya daladala. Hapo saa ni rahisi mno kuachwa. Lakini anayehama Kimara kwenda Sinza huongeza 39,000 na kupata saa 11 tu. Kila saa ni zaidi ya shilingi 3,500. Ofisi yangu, ukigawanya mshahara wote kwa saa za kazi, ilinilipa kama shilingi 2,550 kwa saa. Ningenunua muda kwa bei ya juu kuliko niliyouzia. Na zile 39,000 zilikuwa na mwenyewe tayari: mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha tano, shule ya bweni, na nauli yake ya likizo hadi Ngara haikuwa na mtu mwingine wa kuilipa.

Hesabu ya mwezi, hata hivyo, ni nusu tu ya mambo. Mlango wa jiji haufunguliwi kwa kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hutaka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima; na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango. Chumba cha Kimara kilitaka 490,000 kabla sijaingiza hata ndoo. Hiyo ni zaidi ya mshahara wote, na ndiyo sababu vijana wengi wenye hesabu nzuri huishia kwenye vyumba vibaya. Baba aliuza kahawa na sehemu ya maharage, shangazi akaongeza, nami nikakaa Mbagala miezi miwili zaidi nikidunduliza. Nililazimika kumwambia shangazi wazi kwamba muda wa kufikia umegeuka kuwa muda wa kukaa. Alinijibu, “Mwanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,” akanipa zamu ya kuteka maji. Tukaelewana.

Wapo walionambia kwamba hesabu yote hii ni ya bure, kwa kuwa jibu liko nyumbani. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alipata ualimu Biharamulo. Chumba chake kilikuwa shilingi 20,000, na alitembea dakika kumi hadi darasani. Nauli sifuri, foleni hakuna. Simcheki wala simwonei huruma; kwa kipimo cha saa alikuwa tajiri kuliko meneja wa Masaki. Lakini kazi ya kuhariri vitabu haikuwapo Biharamulo, na mtu hupanga karibu na kazi aliyoipata, si karibu na kazi anayoiwaza. Hiyo nayo ni sehemu ya kuchagua.

Kwa anayependa lugha, njia ya kwenda kazini haikuwa hasara tupu. Watu wa jiji hili wameiundia misamiati njia yenyewe. Daladala lilitokana na “dala”, jina la mtaani la shilingi tano, nauli ya mabasi ya watu binafsi yalipoanza kushindana na yale ya UDA katika miaka ya 1980. Treni ya abiria ya jiji ilipoanza Oktoba 2012, watu waliiita “treni ya Mwakyembe”, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Na mabasi yaliyoanza kazi Mei 2016 yalikuja na jina rasmi refu, Mabasi Yaendayo Haraka. Abiria wakalikata, wakabaki na mwendokasi. Hakuna baraza lililokaa. Anayedai kwamba Kiswahili hakiwezi kuunda maneno na asimame kituoni nusu saa.

Tena kituo ni neno letu sisi washairi. Tunalitumia kwa mshororo wa mwisho wa ubeti, pale pumzi inapotua. Na ubeti wenyewe, katika Kiarabu ulikotoka, ni neno lilelile la nyumba. Vituo vya Barabara ya Morogoro nilivijua kwa mpangilio kama mishororo: Ubungo, Shekilango, Urafiki, Tip Top, Manzese, Argentina, kisha Kagera. Ndiyo, Kagera, kituo cha Magomeni. Kila asubuhi spika ya basi ilitaja jina la mkoa wangu, mlango ukafunguka, watu wakashuka, nami nikabaki ndani kwa kuwa Kagera yangu ilikuwa mbali zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pale.

Katika zile saa 55 za mwezi nilitunga nikiwa nimesimama, mkono mmoja bombani, mwingine ukihesabu mizani kwa vidole. Nyingi ya tungo hizo nilizitupa. Ubeti huu niliuhifadhi:

Nimepanga Kimarani, kilima changu napanda,
Ninaondoka gizani, mjini kwenda kushinda,
Saa zangu za foleni, beti zangu naziunda,
Kagera ya kituoni, huniita nikienda.

Kwa kijana wa Ngara au Biharamulo atakayeshuka kwenye basi mwaka huu pale Mbezi Luis, ushauri wangu ni mfupi. Usiulize kodi peke yake. Uliza kodi na nauli kwa pamoja. Ijaribu njia siku ya kazi, alfajiri, wala si Jumapili mchana dalali anapokupeleka. Uliza mvua ikinyesha njia hiyo inapitika vipi, maana bonde la Msimbazi likijaa, Jangwani hufungwa na jiji hukatika vipande viwili. Kisha igawe tofauti ya fedha kwa saa utakazookoa, uone unajiuza kwa kiasi gani. Ukishajua bei yako, chagua hata Chanika ukitaka, mradi umechagua.

Na nyinyi wenzangu wa lugha, bado tunadaiwa kitenzi. Mamilioni ya wasemaji wetu wanaishi sehemu ya uhai wao kati ya kushinda na kulala. Sidhani kama neno hilo litatoka kwenye kamusi. Huenda kondakta fulani wa njia ya Gongo la Mboto ameshalitamka, nasi tulikuwa tumesinzia.