Mita Mia za Juu

Sisi tuliokulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, tulifundishwa kujivunia ziwa hilo kwa tarakimu. Kina chake mita 1,470, urefu unapita kilomita 670, duniani ni Baikal peke yake inayolishinda kwa kina. Tulizikariri shuleni kama majina ya mababu. Nani angefikiri kwamba kitu kikubwa hivyo kinaweza kuishiwa?

Lakini kuna hesabu nyingine, na watafiti wa kituo cha hidrobiolojia, CRH, palepale Uvira, wanaijua siku nyingi. Upande wetu wa kaskazini, oksijeni inaishia kwenye mita 100 hivi. Chini ya hapo maji ni mengi ajabu, na samaki hawezi kuishi humo. Ndagala, mukeke, sangala, kuhe, vyote vinavyoingia kwenye beseni la mama muuzaji wa mtaa wa Mulongwe, vinatoka katika utando huo wa juu.

Na utando wenyewe unategemea kukorogwa. Upepo wa kiangazi unaotoka kusini huyasukuma maji, rutuba iliyolala chini ikapanda, mwani ukastawi, vijidudu vikala mwani, ndagala wakala vijidudu, mukeke akala ndagala. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakakataa kuchanganyika na ya chini. Mwaka 2003 wanasayansi walionyesha kwamba ndivyo inavyotokea Tanganyika: joto linapanda, mchanganyiko unapungua, chakula cha samaki nacho kinapungua. Moshi ulioleta joto hilo haukutoka kwenye majiko yetu.

Tangu niyajue hayo nimeacha kuvutiwa na ukubwa. Ukiona ukoo wenye watu mia mbili na viwanja vitano, chunguza: mara nyingi amani yote ya nyumba imebebwa na shangazi mmoja asiyesema sana. Siku akichoka, ndipo watu hushangaa.

Makosa yetu wenyewe yapo pia, tusijifiche nyuma ya viwanda vya Ulaya. Milima iliyo juu ya mji tumeikwangua kwa makaa na mashamba ya mihogo. Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope, ukaua watu, ukabomoa nyumba kwa maelfu. Tulizika wafu wetu, tukahesabu nyumba. Tope lililobaki liliendelea na safari hadi ziwani, na huko tope hufunika miamba wanakotaga wale samaki wadogo wa rangi ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Plastiki ya Bukavu nayo huingia mto Ruzizi, ikaziba mitambo ya bwawa la umeme, na inayopenya hutufikia sisi. Mlango wa kutokea ziwani ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie, na maji mengi ya ziwa huondoka kwa mvuke. Mvuke haubebi chupa.

Sasa nchi nne za ziwa zimekubaliana kufunga uvuvi kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Naunga mkono. Mzee mmoja mvuvi wa Kalundu aliponisikia nikisifu jambo hilo, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "mwezi ukijaa taa zetu hazivuti ndagala, tunapumzika, hakuna anayelalamika. Ni siku chache. Miezi mitatu ni kitu kingine."

Sikuwa na jibu la haraka, na bado naona swali lake ni zito kuliko amri yenyewe. Ziwa linahitaji pumziko. Mwenye mtumbwi wa kuazima anahitaji unga mwezi wa Juni. Kukamata nyavu haramu ni kazi rahisi, askari wawili wanatosha. Hata anayevua vifaranga vya samaki kwa chandarua cha mbu anajua anaharibu nini. Ukimuuliza kwa heshima atakutajia bei ya wavu halali. Mkutano ujao wa mawaziri wa nchi hizo nne ningependa uanze na bei hiyo.