Mgeni Katika Jangwa la Arrakis

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kauli hiyo aghalabu hutajwa karamuni, ila yafaa itajwe pia mbele ya skrini. Filamu ya Dune: Part Two, iliyoongozwa na Denis Villeneuve wa Kanada na kutolewa mwaka wa 2024, ni mwendelezo wa filamu ya mwaka wa 2021. Zote mbili zimetokana na riwaya ya bunilizi ya kisayansi ya Frank Herbert iliyochapishwa mwaka wa 1965. Mashabiki hushikilia kwamba asiyeiona ya kwanza asithubutu kuigusa ya pili. Je, mwanafunzi wa Kiswahili aliyeketi na wenzake bwenini kuitazama, asijue lolote kuhusu sayari ya Arrakis, ana haki ya kutoa maoni?

Hapana shaka kwamba mwanzoni alitaabika. Binti mfalme Irulan anataja kwa maneno machache maangamizi ya ukoo wa Atreides, kisha hadithi inashika njia. Uhasama wa koo, hila za masista wa Bene Gesserit na thamani ya kiungo kinachochimbwa jangwani ni mambo yanayochukuliwa kuwa yameshafahamika. Dakika 166 nazo si haba. Hata hivyo, picha na sauti hazikumdai utangulizi. Paul Atreides alipolipanda dudu la mchangani kwa mara ya kwanza, ngurumo na vumbi vilimtosha. Si ajabu kwamba mwaka wa 2025 filamu hii ilipata tuzo za Oscar za sauti na za madoido ya picha.

Kilichomfungulia mlango hasa ni lugha. Wafremen, wenyeji wa jangwa hilo, wanamngoja Mahdi, na Paul wanamwita Lisan al-Gaib. Herbert aliyachota maneno hayo katika Kiarabu, kisima ambacho Kiswahili nacho kimekinywea kwa karne nyingi. Mwanafunzi huyo aliposikia “Gaib” alikumbuka ghaibu, na papo hapo akakumbuka ughaibuni. Hakukosea, kwani katika hadithi jina hilo lina maana ya sauti itokayo ulimwengu wa nje. Swali likamjia: kwa nini mkombozi wa wenyeji lazima atoke ughaibuni? Filamu yenyewe inajibu. Unabii huo ulipandwa na Bene Gesserit kwa makusudi, ukamwagiliwa kizazi baada ya kizazi, ili wakati wa kuvuna ukifika wanyonge wamlaki mtawala wao kwa shangwe.

Hapo ndipo ugeni ulipogeuka kuwa faida. Wenzake walikwisha kumlilia babake Paul katika filamu ya kwanza, kwa hivyo kila hatua ya kijana huyo waliihesabu kuwa haki inayotendeka. Yeye hakuwa na deni hilo la machozi. Paul anapokana kwamba yeye ni Mahdi, Stilgar anatangaza kwamba kukana huko ndiko ushahidi, maana Mahdi ni mnyenyekevu. Bweni zima lilicheka. Naye alicheka, kisha akanyamaza, kwa kuwa imani ambayo hata kukanushwa kunaithibitisha haina tena mlango wa kutokea. Mwishoni Paul anawatuma Wafremen vitani dhidi ya koo kuu zilizokataa kumtambua. Wenzake waliona ushindi. Yeye aliona msiba. Onyo hilo ni la Herbert mwenyewe, naye alilidhihirisha katika Dune Messiah ya mwaka wa 1969, ambamo vita vya Paul vimeua mabilioni ya watu.

Mhusika aliyemvutia zaidi ni Chani. Riwayani Chani anabaki kando ya Paul. Villeneuve amembadilisha akawa mwenyeji asiyeuamini unabii, anayeondoka peke yake kurudi jangwani wakati wengine wanapiga magoti.

Kasoro moja mwanafunzi huyo hakuifumbia macho. Filamu imepigwa Jordan na Abu Dhabi, ikajipamba kwa msamiati wa Kiarabu na mavazi ya watu wa jangwani, ilhali waigizaji wa nafasi kuu wametoka kwingine. Hata neno “jihadi”, lililojaa riwayani, limeondolewa na mahali pake pakawekwa “vita vitakatifu”. Filamu imeuchukua ulimi, ikamwacha mwenye ulimi.

Kwa mintarafu hii, si lazima mgeni asubiri ruhusa ya mashabiki. Aliyeanza na sehemu ya kwanza humpenda Paul kabla ya kumpima. Aliyeanza na ya pili, siku atakapoirudia ya kwanza, hatamwona yatima wa kuonewa huruma tu. Atamwona pia kijana anayetua katika nchi ya watu wengine, nchi ambayo jina lake la utukufu lilitangulia kufika kabla yake, na atataka kujua ni nani aliyelipeleka.