Kahawa na Kikao Chake

Kisa cha mchunga mbuzi wa Uhabeshi, aliyewaona wanyama wake wakirukaruka baada ya kula matunda ya mbuni, hupendwa sana na wauza kahawa. Ni kisa kitamu, lakini kilichelewa: kiliandikwa Roma mwaka 1671, wakati kahawa ilipokuwa imekwisha kunywewa Arabuni kwa yapata miaka mia mbili. Lililo hakika ni kuwa mbuni wa arabika asili yake ni misitu ya Uhabeshi, na kuwa wanywaji wa kwanza wajulikanao ni Masufi wa Yemeni katika karne ya 15, waliotaka kuushinda usingizi katika dhikiri za usiku.

Lakini kukesha hakutoshi kueleza mapenzi haya makubwa. Hata leo wako wanunuao kahawa iliyoondolewa kafeini! Adui zake waliifahamu siri yake kuliko rafiki zake. Mwaka 1511, mjini Makka, Kha'ir Beg, msimamizi wa masoko, aliwakuta watu usiku penye taa wakipokezana kikombe. Akakusanya wanazuoni na matabibu, na kahawa ikaharimishwa. Jibu la sultani kutoka Kairo lilikataza makutano yale, wala halikukiharimisha kinywaji chenyewe. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza naye, Desemba 1675, aliamuru nyumba za kahawa zifungwe, kwa kuwa humo serikali ilisengenywa. Kelele zilikuwa nyingi hata akaitangua amri yake kabla haijaanza kutumika. Wote wawili waliogopa maneno yaliyozunguka pamoja na kikombe.

Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria hawakuhitaji hata kikombe. Buni zao zilichumwa mbichi, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Mgeni alipofika alipewa azitafune. Waliofanya udugu wa damu waligawana buni mbili za tunda moja, kila mmoja akaimeza yenye damu ya mwenziwe.

Pwani ililipokea jina la kahawa kutoka Kiarabu, na kikao chake kikawa barazani. Jioni muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe mkononi. Mlio ule huwatoa nje hata wasio na kiu. Kikombe chenyewe ni mafunda matatu na kipande cha kashata. Habari za siasa, mpira na bei ya samaki huendelea hata makaa yakazimika.