Tia Mkono Ndani ya Rundo



Huenda ukastaajabu kumwona mzee wa madrasa, aliyekwisha kuvuka miaka sitini, ameshika kalamu kukuandikia habari za kompyuta ya kuchezea michezo. Mimi mwenyewe nastaajabu. Lakini kila kinunuliwacho kwa fedha kina hukumu ya biashara ndani yake, na hukumu za biashara ndizo nilizozisomesha kwa zaidi ya miaka thelathini. Basi nivumilie, kwani mwisho wa maneno haya nina jambo la aibu la kukiri, na yafaa ujue lilivyoanza.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilikuja Bariadi kusomesha mwaka 1988, wakati Bariadi ingali wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Huku hakuna mnazi wala ngalawa. Kuna vumbi, kuna ng'ombe, na kuna pamba. Binti yangu ameolewa hapa na mkulima wa Kinyantuzu, na mtoto wao wa kwanza ndiye sababu ya makala haya.

Kijana huyu alipomaliza kidato cha sita alilima pamba pamoja na babake kwa misimu miwili, akaweka akiba. Baada ya mauzo ya mwaka 2025 alikuwa na shilingi 1,400,000 mkononi. Akanijia barazani.

"Shikamoo babu. Nataka kuunda kompyuta yangu mwenyewe."

"Marahaba. Ya kazi gani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kweli. "Ya kuchezea mpira, babu. Na ya kujifunzia kuchora ramani za nyumba."

"Mpira si uko uwanjani?"

"Uwanjani nacheza jioni. Usiku je?"

Nikacheka. Mchezo, ndugu msomaji, si haramu kwa kuwa ni mchezo. Huharibika kwa yanayouandama. Nikamwekea masharti matatu: sala isipotee kwa ajili yake, kamari isiingie ndani yake, wala asikope hata senti moja kuukamilisha. Akakubali. Nami nikaongeza la nne, kwamba anisomeshe kila kipande kabla ya kukinunua, kama ninavyowasomesha watoto herufi moja moja. Kwa siku tatu nikawa mwanafunzi wa mjukuu wangu.

Nilimuuliza kwanza kwa nini asinunue kompyuta iliyokwisha kuundwa. Akanijibu, "Babu, iliyokamilika hujui muundaji alibana wapi." Jibu hilo lilinipendeza. Mtu mwenye fedha chache hana budi kubana mahali, na hekima yote ni kujua mahali gani pa kubana.

Haya ndiyo niliyojifunza, nayo nakuandikia kwa sababu najua nyumba nyingi huko pwani zina kijana mwenye hamu hii.

Kwanza, vipande vyende sawa. Prosesa ndiyo inayofikiri na kadi ya picha ndiyo inayochora kioni. Huku kwetu tunalima kwa plau, na plau hukokotwa na ng'ombe wawili chini ya nira moja. Ukimfunga dume lenye nguvu pamoja na ndama, plau litakwenda kwa mwendo wa ndama. Basi mwenye kutia fedha zake zote katika prosesa akabakiza za kadi dhaifu, au akafanya kinyume chake, amelisha ng'ombe asiyeweza kukokota peke yake.

Pili, ziko prosesa zenye uwezo wa kuchora ndani yake zenyewe. Mjukuu wangu alichagua Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD, iliyotoka mwaka 2021. Prosesa hiyo huiendesha kompyuta bila kadi ya picha, na mwenye nayo akajaaliwa fedha baadaye huongeza kadi. Huo ndio ununuzi wa mtu asiyetaka deni: anunue leo kinachotosha, aache nafasi ya kesho.

Tatu, memori inunuliwe vipande viwili vilivyo sawa, yaani viwili vya GB 8, wala si kimoja cha GB 16. Njia huwa mbili badala ya moja, na prosesa inayochora yenyewe huazima memori hiyohiyo kwa kuchorea, kwa hiyo faida yake huonekana wazi. Tulibahatika kununua mapema, kwani mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya memori ilipanda duniani kote, viwanda vilipoelekeza mazao yao kwenye mitambo mikubwa ya akili mnemba. Anayetaka kununua sasa aulize bei ya leo, asishike ya jana.

Nne, na hili ndilo kubwa, usibane katika pawasaplai. Hiki ni kisanduku cha kugawa umeme, kimefichwa chini, hakina taa wala uzuri, na hakuna mgeni atakayekisifu. Lakini kikiwa kibovu chaweza kuviunguza vyote vilivyofungwa nacho. Chagua cha kampuni inayojulikana, chenye wati zinazozidi mahitaji yako. Sisi tulichukua cha wati 550. Na kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, weka stebilaiza mbele yake.

Tano, ubane katika yanayoonekana. Kasha lisiwe na taa za rangi, bali liwe na feni mbili na wavu wa kuzuia vumbi, na wavu huo usafishwe kila mwezi. Bariadi wakati wa kiangazi vumbi halingoji mwaliko. Kioo cha kutazamia kisinunuliwe ikiwa nyumbani kuna runinga yenye tundu la HDMI.

Tulipanda basi kwa njia ya Lamadi, tukafika Mwanza. Madukani tulinunua vyote hivyo, tukapewa risiti, na kijana akabaki na shilingi 220,000. Tungerudi nyumbani saa ile, nisingekuwa na la kukuandikia.

Tukiwa njiani kwenda stendi akatufuata kijana mmoja mwenye mfuko. Alikuwa na kadi ya picha iliyokwisha kutumika, GTX 1050 Ti ya NVIDIA, aina iliyotoka mwaka 2016. Mjukuu wangu macho yalimng'aa, maana kadi hiyo haihitaji zaidi ya wati 75, na bodi huweza kuipa kiasi hicho bila waya wa ziada. Muuzaji akataja 260,000. Mimi ndiye niliyepatana naye, tena kwa ujuvi wa mzee wa sokoni, mpaka akashuka 180,000. Hakuwa na duka wala risiti, wala pahali pa kuijaribu kadi yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami methali hiyo naijua tangu utotoni, lakini siku ile nilikuwa nimeshughulika kuifurahia bei.

Nyumbani kompyuta ikawaka, Alhamdulillah, na jina la kadi likaonekana kioni kama lilivyoandikwa. Lakini mchezo ulikwenda kwa kukwama, ukawa mzito kuliko bila kadi. Kijana akaweka programu ndogo iitwayo GPU-Z, ambayo hukisoma kipande chenyewe badala ya kuamini jina lake. Kabla ya jina la kadi likatokea neno la Kiingereza lenye maana ya bandia. Wadanganyifu huchukua kadi kongwe, wakaandika upya maelezo yaliyo ndani yake ili ijitaje kwa jina la kadi mpya zaidi. Tena dalili ilikuwa nje mbele ya macho yetu: kadi yetu ilikuwa na tundu la VGA la mtindo wa zamani, na kadi halisi za ukoo ule hazitoi tena picha kwa njia hiyo. Tukapiga simu ya muuzaji. Haikupatikana tena.

Sasa nafika pale ninapoona haya.

Jirani mmoja ana kibanda cha kuonyesha mpira na michezo ya vijana. Alisikia kwamba tuna kadi ya kuuza, akaja na fedha zake za pamba. Nilikuwa barazani, tasbihi mkononi. Mjukuu wangu akanitazama. Alikuwa ameniuliza usiku wa jana yake, "Babu, nimwambie?" nami nikamjibu, "Ana macho, aangalie mwenyewe." Kijana akaitoa kadi. Jirani akaipokea, wala hakuigeuza. Akasema, "Hapa sina haja ya kukagua. Hii ni nyumba ya shehe." Akatoa 180,000, akaondoka akishukuru.

Nami nikanyamaza. Nafsi ikanipa hoja: sisi nasi tumedanganywa, fedha ni za jasho la mtoto, kwa nini hasara itukalie sisi?

Alasiri ile somo la madrasa lilikuwa mlango wa biashara. Kila msimu wa pamba nawasimulia watoto kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni akakuta rundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona, akaonya kwamba mwenye kughushi si katika wenzake. Nakipenda kisa hiki kwa kuwa hapa kila mtoto anakijua kwa macho yake. Pamba huchambuliwa ikawa safi na fifi, kila moja gunia lake, na wako wanaochanganya fifi katikati ya safi, au wakatia maji na mchanga ili mizani izidi.

Msichana mmoja, hajafika hata miaka kumi, akanyosha mkono. "Shehe, na kama yule mtu aliinunua imeshalowa? Kama yeye hakuitia maji?"

Nimesomesha mlango huu miaka yote hiyo, na jibu lake ni jepesi kwa mwanafunzi yeyote wa fiqhi: aliyejua kasoro na asiibainishe ni mdanganyifu, maji yawe ya mvua au ya mkono wake. Nililijua jibu. Sikuweza kulitamka. Nikawaruhusu watoto kabla ya wakati.

Nilimwita mjukuu wangu, tukaenda kibandani tukiwa na zile fedha. Nikamwambia jirani yangu mbele ya vijana waliokuwapo kwamba kadi ile ni bandia, kwamba tulijua, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia kijana anyamaze. Alikuwa amekwisha kuifunga; alidhani uzito ule ni wa umeme wa kibandani. Hakugomba. Aliifungua kadi akatupa, akapokea fedha zake, akazihesabu. Alipomaliza akazihesabu tena. Asubuhi hakukagua kitu.

Njiani mjukuu wangu hakusema neno mpaka tulipokaribia nyumbani. Kisha akasema, "Babu, hii nitaiandika." Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika juu ya kadi neno BANDIA, akaiweka katika kabati la madrasa, isije ikamfikia mtu wa tatu. Hasara ya 180,000 ilibaki kwetu. Nilitaka kumlipa nusu yake, kwani bei niliipatana mimi. Akapokea baada ya mamake kumlazimisha.

Kompyuta yake inafanya kazi bila kadi. Mpira anaucheza kwa picha zilizopunguzwa ukali, na ramani za nyumba anachora. Kadi halisi ataitafuta msimu mwingine, In-sha-Allah, na amekwisha kujiwekea desturi: chochote kilichokwisha kutumika kiwashwe mbele yake, kisomwe kwa programu ile, kichezewe robo saa bila kuzima, na muuzaji aandike jina lake na namba ya kipande kwenye risiti. Asiyekubali hayo, aachwe na bidhaa yake.

Ndugu msomaji, nawe ukienda kununua, tia mkono ndani ya rundo. Hilo si kumdhania mtu vibaya, ni haki yako na ni hifadhi yake yeye muuzaji. Lakini ukiwa wewe ndiye muuzaji, usimngoje mwenzako atie mkono. Iweke iliyolowa juu. Na wewe mwenye kilemba, mwenye ndevu nyeupe, ambaye watu hununua mlangoni kwako bila kugeuza bidhaa, tahadhari zaidi ya wote, kwani heshima yako yaweza kuwa ndiyo nafaka kavu iliyofunika majimaji.

Jirani yangu bado ananisalimu. Tukikutana sokoni husema "Shikamoo shehe" kama zamani. Ila juzi alikuja kununua kwangu debe la mahindi, na kabla ya kulipa akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilimngojea mpaka akaridhika.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kubainisha na mkono usioficha, na atusamehe tulichokwisha kukinyamazia. Amin.