Dole Gumba la Mzee Lilinidanganya Wiki Tatu

Wadau, leo naleta ya nyumbani.

Mwaka jana mzee wangu alipata mshtuko wa moyo. Akazibuliwa mshipa, akawekewa stenti, kile kibomba kidogo cha kuuacha wazi, akarudi zake Tanga. Mimi niko Dar na mishe zangu. Kila asubuhi namtumia WhatsApp: "Shikamoo baba, umekunywa dawa?" Anajibu: "Marahaba", na dole gumba. Nalala usingizi.

Hospitali nao walimuweka kwenye utaratibu wa kufuatiliwa kwa simu. Kila Alhamisi nesi anampigia: presha ngapi, ametembea dakika ngapi, kifua kinabana? Niliona usumbufu tu.

Wiki ya tatu nikaenda kumsalimia. Simu ikaita, akaweka spika. Nesi hakuuliza kama mimi. Alisema, "Baba, hebu nihesabie vidonge vimebaki vingapi."

Kimya.

Vilitakiwa vibaki 9. Vilikuwa 24. Kumbe alipoona yuko fiti, akaacha!

Nesi hakumfokea. Alimwelezea taratibu kwamba hizo dawa zinazuia damu isigande kwenye stenti. Ukiziacha bila kumuuliza daktari, mshipa unaweza kuziba tena. Mzee akashusha pumzi: "Mwanangu, nikiziona najiona marehemu mtarajiwa." Daah. Mimi mtoto wake hajawahi kuniambia hilo.

Nikaanza kusomasoma. Sydney, Australia, walifanya utafiti kwa wagonjwa 710 wa moyo, matokeo yakatoka 2015. Nusu walitumiwa meseji 4 kwa wiki kwa miezi 6, za chakula, mazoezi na sigara. Meseji za kawaida tu! Ila lehemu na presha zao zilishuka kuliko wenzao, na wengi zaidi waliacha sigara.

Kwa hiyo simu inasaidia, ila inategemea unauliza nini. Swali langu lilikuwa linajibika kwa dole. La nesi lilitaka namba.

Na kifua kikibana, usisubiri Alhamisi. Kimbizeni mtu hospitali.

Siku hizi napiga, tunahesabu wote. Juzi kaniwahi yeye: "Vimebaki 4. Tuma hela ya dawa."

Sijawahi kutuma hela kwa furaha hivyo.

Wewe mzee wako ulimuuliza nini leo?