Ripoti ya Mtoto na Lugha ya Nyumbani

Msomaji wa pwani alisikiapo jina la Kimwani hukumbuka lugha ya visiwa vya Kirimba, kaskazini mwa Msumbiji, iliyo jamaa wa karibu wa Kiswahili. Lakini iko Kimwani nyingine, mbali na chumvi ya bahari: nchi ya kale ya kitemi katika Muleba ya leo, mkoani Kagera. Jina moja, maana mbili. Na atambuaye ni ipi iliyokusudiwa ni yule ajuaye lilipotamkwa.

Ndivyo zilivyo na alama za shuleni. Shule zifungwapo, Juni na Desemba, mtoto huleta nyumbani karatasi yenye masomo, wastani, nafasi darasani, maoni ya mwalimu na mstari wa sahihi ya mzazi. Aghalabu mzazi huanza na nafasi. Lakini kwa mtoto mdogo wa kitengo cha elimu maalumu, mwenye usonji au ulemavu wa akili, nafasi hiyo yasema nini? Wa 40 kati ya 40 alishindana na nani? Muhula huohuo amejifunza kufunga vifungo vya shati, kungoja zamu yake penye maji, na kumenya ndizi bila kujikata. Hayo hayana kisanduku katika karatasi.

Nalo si jambo dogo. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Ya viziwi ya Tabora, 1963. Bukoba iko Mugeza Mseto, ambayo jina lake lenyewe ladokeza kuwa wenye ulemavu na wasio nao husoma pamoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikatamka haki ya elimu. Hata hivyo, sheria haimbebi mtoto kutoka kibanjani hadi darasani. Ambebaye ni mzazi. Na mzazi asomaye neno “hawezi” mihula mitatu mfululizo, huku nauli ikimwelemea na majirani wakinong’ona, ana sababu gani ya kuendelea? Neno moja la mwalimu laweza kumrudisha mtoto chumba cha ndani, asionekane tena.

Kwa hiyo ripoti hii yataka kusemwa, si kutumwa tu. Nayo isemwe kwa lugha ya nyumbani. Kihaya kina hazina ambayo Kiswahili hakina: kitenzi chake hutenga lililotendeka leo, lililotendeka jana, na lililotendeka zamani zaidi. Kiswahili husema “alivaa viatu” na kunyamaza. Asemaye kwa Kihaya hana budi kuchagua: ni leo asubuhi, ni jana, au ni zamani na tangu hapo hajarudia? Mzazi wa mtoto ajifunzaye polepole hutamani kujua hilo hasa. Sarufi ya bibi yake humuulizia mwalimu swali ambalo fomu haikuuliza.

Kwa mtoto kiziwi jambo huzidi uzito. Ripoti isemayo kwamba amejua ishara za maji, njaa na maumivu, ilhali mama yake hazijui, ni barua iliyofika kwa asiyeweza kuisoma. Siku ya ripoti basi na iwe siku ya mama kufundishwa ishara hizo tatu, kwa mikono yake mwenyewe, mwanawe akimsahihisha.

Wala njia hii si ya upande mmoja. Mzazi naye ana ripoti yake. Yeye ndiye ajuaye kwamba mtoto huziba masikio mvua ipigapo bati, kwamba hutulia akipewa buni za kuchambua, kwamba jina fulani humfanya acheke. Mwalimu asiyeyauliza hayo amesoma nusu ya mtoto.

Palipo na mstari wa sahihi ya mzazi, ingefaa paachwe nafasi pana zaidi: mistari minne au mitano ya maneno yake. Asiyejua kuandika aseme, mwalimu amwandikie.